Kibao cha Kona ya Ghala

Lukuledi,
9 Septemba 2024

Mpwa wangu Dorika,

Kosa wanalofanya watu wengi wakiandikiwa faini barabarani ni kulipa kwanza na kukasirika baadaye. Wanalipa ili usumbufu uishe, kisha wanakaa kibarazani mwezi mzima wakiwasimulia majirani jinsi walivyoonewa. Lakini mtu aliyelipa amekwisha kusema kwamba alikosa. Hasira yake baada ya hapo ni mazungumzo tu.

Flora, binti wa jirani yangu, amenisomea ujumbe wako kwenye simu yake: "Mjomba, trafiki kaniandikia kwa kupaki Mnyambe, kwa mama. Sultani anasema nilipe yaishe. Wewe unasemaje?" Mumeo anasema lipa, mimi nasema usilipe, angalau usilipe kabla hatujaelewana.

Unajua kwamba baada ya kustaafu ualimu nilikaa miaka kumi na moja mahakama ya mwanzo kama mshauri wa hakimu. Nilijifunza jambo moja ambalo shuleni sikuwahi kulifundisha: kesi nyingi hupotea wiki ya kwanza, kwa sababu mtu hakuandika alichokiona kabla hakijachanganyika na alichoambiwa. Karatasi uliyopewa ina njia mbili. Ya kwanza ni kukubali na kulipa ndani ya siku saba. Ya pili ni kwenda kituoni ndani ya siku hizo hizo, kusema hukubali, na kuomba upelekwe mahakamani. Askari hana haja ya kukukumbusha njia ya pili. Ndiyo maana nakukumbusha mimi.

Utaniuliza kwa nini nisikupigie simu. Simu ikikatika maneno yamekwisha. Barua naisoma mara tatu, na pale mwandishi anapozunguka napaona. Yeremia, konda wa basi la Masasi, amekubali kuwa posta yetu. Mpe yeye.

Sasa niandikie. Ulisimama wapi hasa, saa ngapi, kwa sababu gani, nani alikuwepo, na je, palikuwa na kibao cha kukataza? Andika hata maneno yasiyokupendeza. Nieleze pia kwa nini faini ya elfu thelathini imekufanya umtafute mzee wa Lukuledi. Wewe si mtu wa kulia kwa elfu thelathini.

Mjomba wako,
Ladislaus


Newala,
11 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Yeremia kanipa barua yako pale stendi mbele ya watu huku anacheka: "Mama Cecilia, mzee wako bado ananunua bahasha!" Nikamwambia na yeye bado anakata tiketi kwa kalamu, atulie.

Haya, naandika kama ulivyosema. Jumamosi tarehe 7, saa nne asubuhi, nilimpelekea mama maji, mapipa manne, kwenye kigari changu cha mizigo, ile kirikuu. Newala hapa tunanunua, Mnyambe kule ndiyo kabisa, na kisima cha mama cha maji ya mvua kimebaki tope. Nyumba yake unaikumbuka, iko pale barabara inapopinda kwenye ghala la korosho. Nikatoa gari lote nje ya lami, magurudumu manne kwenye mchanga, nikatandaza mpira mpaka kisimani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamwogesha Cecilia. Pipa la pili halijaisha, trafiki huyo na pikipiki. Anaitwa Koplo Walter.

"Dereva yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Nimeuliza dereva, sijauliza mwenye maji."

"Afande, dereva mimi, na maji yangu."

Akalizunguka gari kama anataka kulinunua. "Kona ya ghala hairuhusiwi kuegesha. Malori ya korosho yakianza, yatakufagia hapa."

"Kibao kiko wapi?"

Akaangalia huku, akaangalia kule. "Kibao kipo."

"Nionyeshe basi, nikisalimie."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kina mama wanamenya mihogo ya kuanika makopa. Mmoja akapaza sauti: "Afande, labda kimekwenda kuchota maji!" Wakacheka wote. Nadhani ndiyo sababu aliandika. Angekuwa peke yake angeniacha.

Halafu mama akatoka. Mjomba, mama yangu huyo, aliyewahi kumfukuza karani wa mizani kwa mchi wa kinu, akasimama mlangoni akasema, "Mpe haki yake aende zake." Basi. Akarudi ndani. Nilijisikia vibaya kuliko faini yenyewe.

Kwa nini nimekutafuta: kituo cha afya huko Mnyambe kinatafuta dereva wa gari la wagonjwa. Nimeomba. Usaili ni Ijumaa tarehe 4 Oktoba. Tangazo linasema mwombaji asiwe amekiri wala kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani kwa miaka miwili. Nimeendesha miaka sita sijaandikiwa hata mara moja. Nikiipata kazi hii, mimi na Sultani tunahamia Mnyambe, na yeye anahamisha mashine yake ya kuchomelea. Cecilia ana miaka minne, anakaa kwa mama, na mimi ni mama wa Jumamosi tu. Juzi kaniambia, "Mama, wewe ni mgeni mzuri." Alikuwa ananisifu.

Kibao hapakuwa nacho. Kuna kipande cha nguzo tu, kimekatika usawa wa goti. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mpwa wako,
Dorika


Mnyambe,
13 Septemba 2024

Kaka Ladislaus,

Shikamoo. Mimi mzima, mtoto mzima, anakimbia mno.

Dorika kaniambia unamwandikia mambo ya mahakama. Kaka, mwambie alipe. Elfu thelathini nitatoa mimi, nina kuku. Kazi zipo nyingine. Usiniulize sana, mimi sina Kiswahili cha mahakamani. Nakuomba wewe kwa sababu wewe ukisema hapana, yeye anaacha. Mimi nikisema hapana, anaanza.

Dada yako,
Getrude


Lukuledi,
15 Septemba 2024

Dada yangu Getrude,

Marahaba. Nimepokea barua yako fupi na nimeielewa, pengine zaidi ya ulivyokusudia.

Wewe na mimi tumekua wakati ambapo mtu mwenye kofia akifika kijijini, wazee walisimama kabla ya kuuliza anataka nini. Hofu hiyo haiishi kwa sababu miaka imepita. Nimeiona kwa watu wasomi kabisa, wanatetemeka mbele ya karatasi yenye mhuri. Lakini nikueleze jambo. Mahakama si mahali pa kupelekwa tu. Ni mahali pa kwenda. Mwananchi akikataa faini kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi yenyewe, hajaitukana serikali. Ameisaidia kufanya kazi yake. Askari anasema kibao kipo, dereva anasema hakipo. Ni lazima mtu wa tatu asikilize. Ndiyo maana ya hakimu.

Kumbuka pia kitakachopotea hapa. Dorika akilipa, anakiri. Akikiri, kazi ya kuendesha gari la wagonjwa imekwenda, na pamoja nayo nafasi ya kukaa na mwanawe. Kuku wako hawatoshi kwa hilo.

Tena una sehemu yako. Unakaa pale konani kila siku ya Mungu, kwa hiyo hakuna shahidi bora kuliko wewe. Nakuomba uandike mistari miwili, uitie sahihi: kwamba siku ile kibao hakikuwa kimesimama pale, na kwamba hujui kilipo. Mpe Dorika akija Jumamosi.

Usiogope. Mimi nimekaa na mahakimu watano, wote walikuwa watu.

Kaka yako,
Ladislaus


Newala,
22 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Nilikwenda kituoni tarehe 13, kabla siku saba hazijaisha, kama ulivyosema. Nikamkuta Koplo Walter mwenyewe mezani.

"Umeleta hela?"

"Nimeleta jibu. Sikubali kosa, naomba mahakama."

Akaacha kalamu. "Dada, unajua watu wangapi wanaomba mahakama kwa kupaki?"

"Wangapi?"

"Wewe."

Lakini aliandika, mjomba, siwezi kumsema vibaya. Tarehe ni 1 Oktoba, saa tatu asubuhi, siku tatu kabla ya usaili. Stendi nzima inajua. Wananiita Wakili wa Kirikuu. Sultani ananuna, anasema nimeichokoza serikali kwa sababu ya mchanga.

Nimepiga picha kile kipande cha nguzo, na alama za magurudumu yangu zilikuwa bado zinaonekana, nje ya lami hatua moja na nusu.

Ila mama hataki kuandika. Jumamosi nilimpa kalamu, akasema wino umekwisha. Nikampa nyingine, akasema macho. Nikamwambia basi sema niandike mimi, akakumbuka kuku. Mjomba, mama ana nini? Umemwandikia nini?

Dorika


Newala,
24 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekiona kibao.

Jana nilipata mzigo wa kupeleka Mnyambe, nikaongeza mapipa mawili ya mama. Hakunitarajia siku ya kazi. Mfuniko wa kisima ulikuwa umeanikwa makopa juu yake kama siku zote, siku zote nakuta ungo na makopa, na mama mwenyewe ndiye huufungua. Jana alikuwa shambani. Nikaondoa ungo, nikainua lile bati. Zito, si bati la dukani. Nikaligeuza. Duara jekundu, mstari, herufi P katikati. Limelala kifudifudi mdomoni mwa kisima chetu, na mimi nimemwagia maji pembeni yake wiki zote hizi.

Alipokuja nikamwambia, "Mama, hiki nini?"

"Mfuniko."

"Mama."

"Ni mfuniko, Dorika. Unafunika."

Nikamwambia nitapoteza kazi, nitaitwa mwongo mbele ya hakimu, yule Koplo alisema kweli kwamba kibao kipo! Hapo akakaa chini pale pale mchangani, akanieleza. Mwezi wa saba lori lilikigonga kile kibao wakati linageuza. Kikalala kwenye majani wiki tatu, hakuna aliyekiulizia. Kisima kilikuwa na mfuniko wa mbao, na mbao zikaliwa na mchwa. Siku moja Cecilia alikanyaga. Ubao ukavunjika, akaingia mpaka kwapani. Mama alikuwa hatua mbili. Alimshika nywele na mkono mmoja. Mjomba, kile kisima kina kina cha watu wawili.

Siku hiyo hiyo akaenda kukiokota kibao, akakiweka. Na akamwonya mtoto asinieleze. Anasema, "Ningekwambia ungemchukua, ungemfungia chumbani Newala na jirani, wewe uko njiani."

Ni kweli ningemchukua. Na nimesema nitamchukua. Nilisema kwa sauti kubwa, kina mama wa mihogo walisikia. Kisha nikaondoka bila kunywa hata maji niliyoyaleta mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mume wangu anachomelea milango ya watu kila siku. Mfuniko ni kazi ya nusu saa.

Sultani anasema kibao kitupwe kule ukingoni, kiteremke mpaka bonde la Ruvuma, halafu kesi iendelee kama kawaida: kibao hakikuwepo. Ni kweli hakikuwepo, si ndiyo? Niambie. Nina siku saba.

Dorika


Lukuledi,
26 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, kisha nikaisoma ya mama yako ya tarehe 13. Aliandika kwamba mtoto "anakimbia mno." Nilipita juu ya maneno hayo kama mtu anavyopita juu ya salamu. Badala ya kuuliza, nilimfundisha uraia kurasa mbili, na mwisho nikamtaka aandike kwamba hajui kibao kilipo. Nilimwomba dada yangu asaini uongo, na nilijiona namsaidia. Kwetu mjomba ndiye anayeulizwa kila jambo. Nimeulizwa miaka mingi mpaka nimesahau kuuliza.

Sasa tuache hilo, tutazame kesi.

Sultani amekosea, ingawa naelewa kwa nini. Mkikitupa kibao, kisima kinabaki wazi, na wewe uliyekuwa mtu wa kuonewa unakuwa mtu wa kuficha. Hakimu akikuuliza, "Je, unajua kibao kilipo?" utajibu nini? Ukisema hujui, umeongopa chini ya kiapo, na hiyo si faini ya barabarani tena. Mtu anayekwenda kuomba akabidhiwe wagonjwa asianze hivyo.

Tena hebu pima. Swali la kesi ni jembamba sana: tarehe 7, saa nne asubuhi, dereva anayefika kwenye kona ile angeweza kuona kwamba amekatazwa? Hangeweza. Kibao kilicholala kifudifudi juu ya kisima hakimkatazi mtu yeyote. Kwa hiyo ukweli haukuvunjii utetezi, unautimiza. Ulisema hakikusimama, na sasa unaweza kueleza kwa nini. Ulikuwa na nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ilikuwa inaanikiwa makopa.

Anayeweza kuumia ni mama yako, kwa kuchukua mali ya barabara. Sidhani kama ataumia sana, kwa sababu hakukingʼoa, alikiokota. Lakini kudhani si kujua, na mimi siwezi kumwamulia, wala wewe. Umwendee, umweleze kama nilivyokueleza, kisha umwache aseme mwenyewe. Akikataa, utakwenda mahakamani na picha zako. Ukiulizwa kibao kilipo, utasema kweli, hata kama kesi itaharibika na kazi ikaenda. Najua ninachokuomba.

Kuhusu kumchukua Cecilia: ulisema ukiwa na hasira, na hasira yako ilikuwa na haki. Lakini kabla hujarudia, kumbuka kwamba mtoto yu hai kwa sababu mwanamke wa miaka sitini na nane alikuwa hatua mbili na aliruka.

Ladislaus


Mnyambe,
28 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Dorika alikuja jana na barua yako, akanisomea yote, hata pale ulipojisema. Vizuri. Maana nilikuwa nimekasirika na wewe kweli. Kurasa mbili za serikali na swali hata moja hakuna! Eti naogopa kofia. Kaka, mimi naogopa kisima.

Tumelia, tumemaliza. Cecilia alituuliza tumefiwa na nani.

Sasa nisikilize. Nitakwenda. Nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu, asinisemee Dorika, usinisemee wewe. Waniulize nitajibu. Lakini nimemwambia Dorika, na wewe nakuambia: kibao hakitoki kwenye kisima mpaka mfuniko mwingine umeshafungwa. Hata akija hakimu mwenyewe na ngazi. Mwambie Sultani aweke bawaba na kufuli. Funguo nitavaa shingoni.

Ushauri wako nimeukubali, lakini safari hii uniulize kwanza.

Getrude


Newala,
1 Oktoba 2024, mchana

Shikamoo mjomba,

Naandika nje ya mahakama, kwenye bodi ya kirikuu, Yeremia ananisubiri, basi lake linapiga honi.

Sultani alifunga mfuniko Jumapili. Alichomelea amenuna, akamaliza, akapanda juu yake akaruka mara tatu mbele ya mama. Mama akasema, "Shuka, utalegeza bawaba." Basi wamepatana.

Leo tumekuja watatu, na kibao nyuma kimefunikwa kanga.

Hakimu ni mama mmoja wa makamo, anaongea taratibu. Koplo Walter akaapa, akasema kibao kilikuwepo, alikiona mwenyewe mwezi wa sita.

"Tarehe 7 Septemba ulikiona?"

"Nilijua kipo, mheshimiwa."

"Sikukuuliza unajua nini. Ulikiona?"

Akasema hakukiona. Mimi nikatoa picha, nikaeleza magurudumu na mchanga. Ndipo akaniuliza lile swali, mjomba, lile lile: "Je, unajua kibao kilipo sasa?" Nikasema ndiyo. Koplo aligeuza shingo kama amechomwa. Kabla sijaendelea, mama akasimama kwenye benchi.

"Kipo nje kwenye gari, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nacho."

Karani akamwambia akae, hakimu akasema aachwe, aapishwe. Mama akaeleza yote. Lori, majani, mchwa, kwapani. Hakupunguza, hakuongeza.

"Kwa nini hukuripoti?"

"Nilimwambia mlinzi wa ghala. Akasema, mama, kitunze, wenyewe watakuja. Nikakitunza."

"Juu ya kisima?"

"Mheshimiwa, pale hakiwezi kuibiwa."

Hakimu aliinama akatafuta kitu kwenye makaratasi yake kwa muda mrefu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Alipoinuka akasema dereva hawezi kuadhibiwa kwa katazo ambalo halikuwa limesimama mahali pa kuonekana. Shauri limefutwa! Mama ameonywa, na kibao kikabidhiwe leo leo. Akamwambia tena, "Mama, siku nyingine okota mtoto kwanza, kibao kisha, halafu uje hapa." Mama akajibu, "Ndivyo nilivyofanya, mheshimiwa, ila kuja hapa ndiko nimechelewa."

Koplo Walter amebeba kibao mwenyewe begani kupeleka kituoni. Alipotupita akasema, "Wakili wa Kirikuu, hongera." Hakuwa ananidhihaki, nadhani. Lakini kaongeza neno moja. Kasema kwenye mashine yao bado nasomeka mkosaji, mpaka habari za mahakama ziwafikie, na hiyo inaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Usaili ni Ijumaa hii.

Sultani anasema haidhuru, nitawaeleza kwa mdomo, wataelewa, kisa chenyewe kinafurahisha. Mama anasema atakuja kuwaeleza yeye. Mimi nimechoka mjomba, nimechoka vizuri. Nadhani nitawaeleza tu.

Dorika


Lukuledi,
2 Oktoba 2024

Mpwa wangu Dorika,

Flora amenisomea barua yako kwa sababu miwani ilikuwa na ukungu. Alipofika kwenye jibu la dada yangu kuhusu wizi, nilimwambia arudie. Amerudia mara mbili, ya tatu akakataa.

Mpe mama yako salamu zangu, na umwulize kwa niaba yangu, kwa maneno haya haya: "Kaka anauliza, unaendeleaje?" Kisha usiongeze kitu, umsikilize. Majibu uniletee.

Sasa nikueleze jambo la mwisho, na unisamehe kwa kueleza. Umeshinda mbele ya hakimu, lakini watakaokusaili Ijumaa hawakuwa mle ndani. Watakuwa watu wanne au watano nyuma ya meza, wana waombaji kumi na tano wa kusikiliza kabla ya chakula cha mchana. Mmoja wao atatazama kumbukumbu za ile mashine ya trafiki, atakuta jina lako na neno "kosa." Wewe utaanza: kulikuwa na lori, kulikuwa na mchwa, kulikuwa na makopa. Ni kisa kizuri. Watacheka, watakupenda, na watampa kazi yule ambaye mashine haikusema kitu juu yake. Hawatakuwa wabaya. Watakuwa na haraka. Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo, na naona haya kusema ni waombaji wangapi niliowapenda nikawapita.

Usiende pale kumwomba mtu akuamini. Uamuzi wa hakimu umeandikwa. Una haki ya nakala yake, nawe ndiye mhusika wa shauri, hakuna wa kukuuliza unaitaka ya nini. Masijala ya mahakama wakikuambia urudi wiki ijayo, sema usaili ni Ijumaa, kaa kwenye benchi, usiondoke. Watu wa masijala wanajua sana kusahau mtu aliyeondoka. Aliyekaa mbele yao hawawezi.

Yeremia ameahidi barua hii utakuwa nayo Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi. Usiisome mara tatu. Leo hii Alhamisi, kabla masijala haijafunga, nenda mahakamani ukachukue nakala ya uamuzi yenye mhuri.

Mjomba wako,
Ladislaus